Je, Wajua? Mwezi Uliochelewa Njiani

Je, wajua kwamba jina Unyamwezi limebeba mwezi ndani yake? Maelezo yanayosikika sana Tabora ni kwamba watu wa pwani waliwaita hivyo wageni waliotokea magharibi, upande unakoandama mwezi mchanga. Kiswahili kikalipeleka neno hilohilo kwenye mwili wa mwanamke: aliyepata hedhi tunasema ameingia mwezini. Mwezi wa angani hurudi kila baada ya siku 29 na nusu hivi, na haujachelewa hata mara moja tangu wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857. Mwezi wa mwilini una uhuru wake. Safu hii ni ya uhuru huo, maana usiku huu yupo binti au mama mahali fulani kati ya Igunga na Ujiji anayehesabu vidole gizani, usingizi umempaa.

Je, wajua siku zinavyohesabiwa? Siku ya kwanza ya damu ndiyo siku ya 1, na hesabu hukoma siku moja kabla ya damu inayofuata. Kwa mtu mzima, mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida. Zile 28 za darasani ni wastani tu, na wanawake wanaozipata 28 kamili kila mara ni wachache. Mmoja akienda 27, mwezi unaofuata 31, kisha 29, hajachelewa popote.

Je, wajua kwamba kalenda ya ukutani huwatisha wengi bure? Chukua mwanamke mwenye siku 28 zisizoyumba. Akianza tarehe 3 Januari, atarudi tarehe 31 Januari hiyohiyo, halafu 28 Februari. Majirani watasema amepata mara mbili kwa mwezi mmoja na kwamba ana ugonjwa. Sasa chukua mwenzake wa siku 34. Anaanza naye tarehe 3 Januari, kisha 6 Februari, kisha 12 Machi, kisha 15 Aprili, na kila mwezi anaapa kwamba amechelewa. Wote wawili wako sawasawa kama saa. Kosa lao ni kungoja tarehe ileile badala ya kuhesabu siku. Weka alama kwenye kalenda siku damu inapoanza, kwa miezi mitatu au minne, halafu hesabu nafasi kati ya alama na alama. Hakuna dawa inayotuliza roho kwa bei nafuu kama hiyo kalamu.

Je, wajua kwamba hedhi ikichelewa, mara nyingi kilichochelewa hasa ni yai?

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ukilielewa hili mengine yote yanafunguka. Mzunguko una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kungoja: ubongo hutuma ujumbe kwa ovari, yai moja likapevuka, kisha likatoka. Ya pili huanza yai likishatoka. Ukuta wa kizazi unakaa tayari, na mimba isipotunga, ukuta huo humomonyoka ikawa damu. Daktari wa Kijapani, Kyusaku Ogino, alionyesha mwaka 1924 kwamba yai hutoka siku 12 hadi 16 kabla ya hedhi inayofuata. Maana yake sehemu ya pili haibadiliki sana. Inayorefuka na kufupika ni ya kwanza.

Ukitaka mfano wa hapahapa, nenda Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye tembe alimokaa msafiri Livingstone. Mwandishi wa habari Stanley aliagana naye tarehe 14 Machi 1872, akaahidi kumletea wapagazi kutoka pwani. Mzee yule akangoja. Mizigo ilikuwa imefungwa na njia alishaichagua, lakini watu wa kubeba walikuwa hawajafika, na bila wao hakuna safari. Aliondoka tarehe 25 Agosti. Miezi mitano na zaidi ilikwenda kabla hatua ya kwanza haijapigwa. Mwili nao hufanya hivyo. Ubongo ukiona mambo hayajakaa vizuri, hauruhusu msafara uondoke. Siku ukiruhusu, yai linatoka, na kutoka hapo zinabaki wiki mbili hivi. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini hedhi haikuja wiki hii, mara nyingi jibu lake liko wiki tatu au nne nyuma: alikuwa na homa? Alifiwa? Alihama? Alikula nini?

Je, wajua kwamba malaria inaweza kuahirisha hedhi? Homa kali ya aina yoyote inaweza. Tabora inalijua hili kwa uchungu: uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta mkoa huu ndio unaoongoza Tanzania Bara kwa maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano, asilimia 23 hivi, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Mtu mzima aliyelala na homa siku tano mwanzoni mwa mzunguko asishangae yai likisubiri apone. Lakini ukiwa na homa na huku siku zimepita, mwambie mhudumu wa zahanati kabla ya kupokea dawa. Malaria kwa mjamzito ina hatari yake, na si kila dawa humfaa.

Je, wajua kwamba njaa hufunga hedhi? Katika njaa ya Uholanzi ya mwaka 1944 na 1945, wakati wa vita, wanawake wengi sana walikatikiwa na siku zao, na miezi tisa baadaye vizazi vikapungua. Ubongo hupima akiba ya mwili kabla ya kukubali mzigo wa mimba. Chakula kikiwa kidogo na kazi ikiwa nyingi, hutangaza likizo.

Basi wakumbuke kina mama wa misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopeleka pembe za ndovu Bagamoyo hawakuwa wanaume watupu. Wengi waliandamana na wake zao, waliobeba vyungu, unga na watoto mgongoni, na kambi ikipigwa wao ndio waliowasha moto. Ilikuwa miezi miwili, mitatu au zaidi ya kutembea, ikiwemo nchi kavu ya Ugogo ambako maji na chakula vilinunuliwa kwa hongo na kwa shida. Kutembea kutwa, kubeba na kula kidogo ndiko hasa kunakoufanya ubongo uzuie yai. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa idadi ya mizigo na majora ya nguo. Miili ya wanawake waliopika chakula cha safari ile inastahili kurasa nyingi kuliko ilizopewa.

Mwanariadha wa leo anayejinyima chakula yumo kwenye hali ileile, na aliyepungua kilo nyingi ghafla, na aliyenenepa sana pia, maana mafuta ya mwilini nayo hutengeneza homoni.

Je, wajua kwamba bweni peke yake linatosha kuichelewesha hedhi? Tabora ni mji wa shule tangu enzi za Waingereza, na kila mwaka treni na mabasi humwaga mabinti wenye masanduku kutoka mikoa ya mbali. Binti wa miaka 14 au 15 aliyeondoka kwao kwa mara ya kwanza, akabadilishiwa chakula na saa za kulala, akaongezewa na hofu ya mitihani, anaweza kukosa hedhi mwezi mmoja au miwili bila ugonjwa wala mimba. Tena katika miaka ya mwanzo tangu kuvunja ungo, mzunguko wa hadi siku 45 bado ni wa kawaida, kwa sababu ubongo na ovari bado vinajifunza kusikilizana. Asiyepata kabisa hadi miaka 15 ndiye wa kupelekwa kwa daktari, kwa upole.

Je, wajua wazee wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, walishalipigia hesabu jambo hili? Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na wa Tabora, hedhi ina uchache wake, usiku na mchana mmoja, na wingi wake, siku 15. Damu nje ya mipaka hiyo ina jina lake: istihadha. Eda, yaani muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, kwa mtalikiwa anayepata siku zake ni twahara tatu, na kwa asiyepata hedhi ni miezi mitatu. Sheria ilitambua mapema kwamba miili haifanani, ikaweka njia kwa kila mmoja.

Je, wajua sababu iliyo juu ya orodha? Mimba, bila shaka. Aliyekuwa na siku zinazoeleweka, akajamiiana, kisha zikapita kwa wiki, aanze na kipimo kabla ya kuwaza ugonjwa wowote. Kipimo cha mkojo kinapatikana kwenye duka la dawa muhimu na kwenye zahanati. Kinatafuta homoni iitwayo hCG, inayoanza kutengenezwa kiinitete kikishajishikiza kwenye kizazi. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ni bora kwa kuwa umekolea. Sasa rudi kwenye habari ya yai: likitoka kwa kuchelewa, mimba nayo hutunga kwa kuchelewa, na kipimo cha siku ya kwanza kinaweza kusema hapana wakati jibu ni ndiyo. Damu isipoonekana, rudia baada ya wiki.

Wamisri wa kale waliwapimia wanawake kwa nafaka: mwanamke alikojolea mbegu za ngano na shayiri kila siku, zikiota ana mimba. Na kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1960 hospitali za nchi nyingi zilifuga vyura kutoka Afrika Kusini kwa kazi hiyo. Chura jike alidungwa sindano yenye mkojo wa mwanamke, na akitaga mayai kabla ya siku kuisha, jibu lilikuwa ni ndiyo. Aliyeisukuma njia hiyo, Lancelot Hogben, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu Cape Town.

Je, wajua dalili ambazo hazingoji asubuhi? Siku zimepita, kisha yakaja maumivu makali chini ya tumbo, pengine upande mmoja, matone ya damu, kizunguzungu, hata maumivu ya bega. Hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, mara nyingi kwenye mrija. Mrija ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo, ambako hakuna anayeiona. Dereva wa bodaboda aamshwe usiku huohuo. Mgonjwa afikishwe kwenye hospitali yenye upasuaji, na kwa walio karibu na mji hiyo ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Hata kama kipimo cha mkojo hakijafanyika, aende.

Je, wajua kwamba sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu haigandishi damu tumboni? Nimelisikia hili mara nyingi, kwa wake wa wakulima wa tumbaku na kwa walimu waliosoma: kwamba damu isiyotoka inajikusanya ndani, inakuwa uvimbe, inapanda kichwani. Haijikusanyi, kwa sababu haikutengenezwa. Homoni ya sindano huufanya ukuta wa kizazi ubaki mwembamba, na ukuta mwembamba hauna cha kumwaga. Baada ya mwaka mmoja wa kuchomwa, karibu nusu ya wanawake huwa hawaoni tena siku zao. Vijiti navyo huvuruga mpangilio. Kinachopaswa kusemwa wazi siku ya kwanza, na ambacho wengi hawaambiwi, ni kwamba ukiacha sindano uzazi huchukua muda kurudi, pengine miezi 10 tangu sindano ya mwisho, wakati mwingine zaidi. Anayetaka mtoto mwakani aijue hesabu hiyo leo.

Vidonge vya dharura, P2 kama vinavyoitwa mtaani, vinaweza kuiwahisha au kuichelewesha hedhi kwa siku kadhaa. Ikipita wiki nzima, pima. Na anayetumia dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini ajue kwamba inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi na ya vijiti. Amweleze mtoa huduma.

Je, wajua kwamba anayenyonyesha anaweza kupata mimba bila kuona damu hata mara moja? Kunyonyesha huzuia yai, na wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 waliafikiana juu ya masharti: mtoto hajafika miezi sita, hapewi kingine zaidi ya maziwa ya mama, usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Yote matatu yakitimia, kinga hufikia asilimia 98. Sharti moja likianguka, hesabu imevunjika. Mama ameanza kumpa mtoto uji, anaamini yuko salama kwa kuwa hajaona siku. Lakini yai hutoka wiki mbili kabla ya damu, na likikutana na mbegu, damu haiji tena. Kisha mtoto anadhoofu, na majirani wanamnyoshea mama kidole kwamba amembemenda. Mtoto yule anahitaji chakula cha kutosha na kliniki. Mama yake anahitaji mtu wa kumweleza habari ya yai, na aelezwe kabla, si baada.

Je, wajua kwamba shingo ina neno katika hili? Tezi la shingoni hutengeneza homoni kutokana na madini joto, na likifanya kazi kidogo mno au kupita kiasi, hedhi huvurugika: huadimika, hupungua, au huja nzito bila mpango. Chumvi ya Uvinza, kwenye njia ya kwenda Ujiji, ilichemshwa kutoka chemchemi zake kwa zaidi ya miaka elfu moja, na misafara iliisambaza mbali. Leo sheria inataka chumvi ya mezani iongezwe madini joto. Ukinunua ya kupimiwa kwenye kopo sokoni, uliza kama imeongezwa.

Halafu ipo hali ya vijifuko vingi vidogo kwenye ovari, inayojulikana kwa herufi PCOS. Takriban mwanamke mmoja kati ya 10 aliye katika umri wa kuzaa anayo, na wengi wao hawajui. Siku hupishana kwa miezi, ndevu huota kidevuni, chunusi hazikomi, uzito hupanda. Nimeona wanawake wa hali hii wakiitwa tasa na wakwe zao, wakiachwa, wakizungushwa kwa waganga. Wengi huzaa wakipata matibabu ya kusaidia yai kupevuka, na wengine huzaa bila dawa.

Je, wajua maana ya maziwa kutoka titi kwa asiyenyonyesha? Homoni ya maziwa, prolaktini, imepanda, nayo huzuia yai. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za kutuliza kichefuchefu huipandisha. Usiache dawa kwa kujiamulia. Rudi kwa aliyekuandikia.

Na kinyume chake: mama aliyetokwa na damu nyingi mno akijifungua, kisha maziwa hayakutoka, nguvu hazikurudi, na hedhi ikapotea kabisa. Harold Sheehan wa Uingereza aliieleza hali hii mwaka 1937. Damu ikipungua ghafla, tezi dogo lililo chini ya ubongo hufa sehemu yake, na ndilo lenye kuamuru maziwa na hedhi. Inatibika kwa vidonge vya homoni, ila lazima mtu aihusishe hedhi iliyopotea na uzazi ule mgumu wa miaka mitano iliyopita. Mama kama huyo mara nyingi huambiwa ni mvivu.

Je, wajua kwamba wanaovuta sigara hukoma hedhi mapema, kwa mwaka mmoja au miwili hivi, kuliko wasiovuta? Wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya kukoma siku hurukaruka: miezi miwili kimya, kisha damu, kisha miezi mitatu kimya. Hakuna ajabu hapo. Lakini aliyemaliza mwaka mzima bila damu, kisha akaona tena hata tone, aende akapimwe kizazi na mlango wake bila kungoja tone la pili.

Je, wajua kwamba chai ya rangi iliyokolea, mizizi ya kuchemsha na bluu ya kufulia hairudishi hedhi? Kama ni yai lililochelewa, litakuja lenyewe. Kama ni mimba, vitu hivyo huleta sumu na kutokwa na damu, na vimeua mabinti. Siku zikikosekana miezi mitatu mfululizo kwa aliyekuwa na mpangilio, au sita kwa ambaye hakuwa nao, na mimba haipo, hapo ni daktari.

La mwisho ni la walimu na wazazi. Tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba mwanafunzi aliyekatisha masomo kwa kujifungua anaweza kurudi shuleni katika mfumo rasmi. Kabla ya hapo, siku kuchelewa kulimtia msichana hofu ya kupoteza darasa, na hofu hiyo peke yake inatosha kulizuia yai na kumwongezea wiki nyingine ya kungoja. Hofu ile bado iko mabwenini. Msichana akija kwako akisema hajaona siku zake, kipimo cha mkojo ni dakika tano. Kikisema hana mimba, usimwambie nenda zako. Mketishe, umuulize analala saa ngapi, anakula nini, nani amefariki nyumbani, na nani anamtisha.